Kabla Hujalipia Jiwe la Kaunta, Chukua Kipande Ukakitese Nyumbani

Mteja wetu mmoja alirudi karakanani siku nne tu baada ya mafundi kumfungia kaunta mpya ya jikoni. Alikuja na picha kwenye simu. Marumaru nyeupe, mishipa ya kijivu, kazi safi. Lakini karibu na sinki palikuwa na duara lililofifia, upana wa vidole vitatu. Alikuwa amelisugua kwa sabuni, akalisugua kwa poda ya kusafishia masufuria, mwisho akamimina siki kwa sababu mtu alimwambia siki huondoa kila doa. Kila alichofanya kiliongeza ukubwa wa duara. "Hili doa linatolewa na nini?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeweka akiba kwa muda mrefu.

Tulipouliza maswali mawili matatu tukapata kisa chenyewe. Usiku wa kwanza alikata limau, nusu akaitumia, nusu ya pili akaiacha imelala kifudifudi juu ya jiwe mpaka asubuhi.

Sisi ndio tuliomuuzia jiwe lile. Tulipima vizuri, tukakata vizuri, tukafunga vizuri, tukapaka na dawa ya kuziba vitundu. Ila hatukumwambia kwamba limau hula marumaru. Tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao hatuuvunji: hakuna anayelipia jiwe la kaunta kwetu kabla hajaondoka na kipande chake akakitumia nyumbani siku kadhaa. Hapa tunaeleza sababu, na mambo ya kuangalia hata kama jiwe lako utalinunua kwingine.

Kuliwa na kuingia doa

Wateja wengi wanaita kila alama "doa". Kwa fundi wa mawe kuna mambo mawili tofauti kabisa, na ukiyachanganya utaharibu jiwe ukidhani unalisafisha.

Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe: mafuta, chai, divai, kutu. Jiwe linaonekana jeusi zaidi au limebadilika rangi mahali pale. Kuliwa ni kinyume chake, jiwe lenyewe limepungua. Marumaru ilianza maisha yake ikiwa mawe ya chokaa, yakazikwa chini sana, yakabanwa na kupata joto mpaka chembe zake zikajipanga upya. Lakini kiini hakikubadilika: ni kalisi kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye magamba ya konokono na maganda ya mayai. Asidi ikiigusa, inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi na uso unayeyuka, unene mdogo mno usiopimika kwa rula. Kwa jicho unatosha. Mng'aro wa jiwe ni uso uliosawazishwa kiasi kwamba mwanga unarudi kama kwenye kioo; ukishaparuzwa na asidi, mwanga unatawanyika na unaona kivuli cheupe kilichofifia. Sabuni itaondoa nini hapo? Hakuna kilichomwagika juu yake. Na siki, ambayo ni asidi nyingine, inaendelea kula kutoka pale limau lilipoachia.

Vinavyolila jiwe la aina hii ni vitu vya kila siku: limau, siki, nyanya, juisi za matunda, divai, soda, na dawa nyingi za kusafishia choo na kuondolea ukoko mweupe wa chokaa unaoachwa na maji. Kundi lake ni kubwa. Humo mna marumaru zote, mawe ya chokaa, travatini, na oniksi ile inayopitisha mwanga ambayo watu huiwekea taa nyuma. Dolomaiti nayo ni ndugu yao; ina magnesiamu ndani yake, kwa hiyo inaliwa polepole zaidi, lakini inaliwa.

Hapa niseme neno kuhusu jina. Katika Kiswahili "marumaru" limezoeleka kutumika hata kwa vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani. Mtu anaagiza marumaru kwa simu akimaanisha vigae, mwingine anaagiza marumaru akimaanisha jiwe, na maelezo ya usafi ya kimoja yanaua kingine. Kigae cha kiwandani ukikimwagia siki hakijali. Ndiyo maana ukitupigia tutakuuliza, "marumaru ya jiwe au vigae?" Tafadhali usione usumbufu.

Jina la dukani halikwambii jiwe ni nini

Granaiti ni jiwe la moto. Ilikuwa uji wa mwamba uliopoa taratibu mno chini ya ardhi, na kwa sababu ya kupoa taratibu chembe zake zilipata muda wa kukua hadi unaziona kwa macho: kwatsi inayofanana na kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kwa uwezo wa kukwaruzana, kutoka 1 hadi 10, na kipimo hicho bado tunakitumia karakanani kila siku. Kwatsi ni 7, feldispa ni 6. Kisu cha kawaida kiko kwenye 5 na nusu hivi. Kwa hiyo ukikata kitunguu juu ya granaiti, kinachoumia ni makali ya kisu. Kalsaiti, madini ya marumaru, ni 3. Kisu kinaandika juu yake.

Wakati huo huo, ulaini huo ndio uliofanya marumaru ipendwe na wachongaji. Michelangelo alichonga sanamu ya Daudi kati ya 1501 na 1504 kutoka kwenye marumaru ya Carrara, Italia, na mpaka leo jiwe la Carrara linachimbwa na kukatwa slabu, yaani mabamba makubwa, za kaunta. Patasi iliweza kuingia kwa sababu jiwe ni laini, na kwa sababu ile ile kisu chako kitaacha mstari.

Jambo moja linawachanganya wengi: ugumu wa kukwaruzika hauna uhusiano wa moja kwa moja na kuvunjika. Kioo ni kigumu kuliko msumari wa shaba na bado kinapasuka kikianguka. Granaiti nayo ukiigonga kwenye ukingo kwa sufuria nzito ya chuma inaweza kubanduka kipande. Ukingo wa duara mdogo huvumilia zaidi ya ukingo uliochongoka, na hilo tunalishauri kwa kila nyumba yenye watoto, kwa ajili ya jiwe na kwa ajili ya vipaji vya nyuso.

Sasa, kwatsaiti. Hili ndilo jiwe linalotuletea kazi kubwa ya kueleza. Ni mchanga uliogeuka mwamba, kisha mwamba ukabanwa na kuchomwa na joto la ardhi hadi punje za kwatsi zikaungana kuwa kitu kimoja. Halisi yake ni ngumu kuliko granaiti, haijali limau, na ina mishipa mizuri inayofanana na marumaru. Mtu anayetaka uzuri wa marumaru bila maumivu yake huelekezwa huku. Ni ushauri mzuri, isipokuwa jina hilo hubandikwa pia kwenye mawe yasiyostahili.

Tulipata kulipokea bamba moja zuri mno, kijani hafifu na michirizi ya dhahabu, karatasi zake zimeandikwa kwatsaiti. Fundi wetu alipoanza kulikata akasimamisha mashine mwenyewe. Alisema blade inaingia kama inakata sabuni. Tulichukua kipande cha pembeni, tukakikwaruza kwenye chupa ya kioo: kioo kikabaki kizima, jiwe likaacha unga mweupe. Tukaacha tone la maji ya limau juu ya upande uliong'arishwa, na baada ya saa chache mng'aro ulikuwa umefifia. Lilikuwa jiwe la dolomaiti. Si jiwe baya, lakini mteja aliyelichagua alikuwa na jikoni ya watu tisa na alichagua kwa sababu ya karatasi ile. Tulimpigia, akachagua jingine.

Majaribio hayo mawili unaweza kuyafanya mwenyewe bila utaalamu wowote. Omba kipande chenye ukingo usiong'arishwa, kibonyeze na ukivute juu ya chupa tupu. Kwatsaiti halisi itakata mstari kwenye kioo, wala haitateleza. Hakikisha ni mstari kweli: futa kwa kidole chenye maji, maana unga wa jiwe laini ukiachwa juu ya kioo unafanana na mkwaruzo. Kisha weka tone la siki au limau juu ya upande unaong'aa, funika kwa kifuniko kidogo lisikauke, subiri mpaka asubuhi. Marumaru itajionyesha mapema. Dolomaiti huchukua muda, ndiyo sababu ya kusubiri.

Granaiti nyeusi nayo ina yake. Nyingi ya zinazouzwa kwa jina hilo, kwa mwanajiolojia, ni mawe mengine ya moto kama gabro na dolaraiti. Hilo lisikusumbue, mengi ya mawe hayo yamebanana vizuri sana na hayanywi mafuta kirahisi, na kwa jikoni yenye kazi nyingi ni kati ya chaguo ninaloliamini zaidi. Linalotakiwa kukusumbua ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi likawa jeusi. Loweka kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sugua mahali pamoja kwa nguvu. Kitambaa kikiwa cheusi, acha jiwe hilo. Baada ya miezi michache rangi itaondoka pale unapofuta kila siku na kubaki penye pembe.

Na kwatsi ya kiwandani? Si jiwe la asili, ingawa huwekwa kwenye rafu moja nalo na jina linakaribiana na kwatsaiti kiasi cha kupotosha. Ni unga na chembe za mawe zilizogandishwa kwa resini, gundi ya plastiki. Hainywi maji, rangi yake ni sawa kila slabu, na limau haliidhuru. Resini ndiyo udhaifu wake: sufuria iliyotoka motoni inaweza kuiacha na alama ya kudumu, na jua la moja kwa moja huibadilisha rangi, kwa hiyo usiiweke nje. Kuna na jambo la watu wanaoikata. Vumbi lake lina silika nyingi, na anayelivuta anaweza kupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Australia ilipiga marufuku mawe hayo ya kutengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya wafanyakazi walioumwa. Granaiti na kwatsaiti nazo zina silika, japo granaiti ina kiasi kidogo zaidi. Kwetu jiwe lolote hukatwa kwa maji, na anayesaga huvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Ukimwona fundi anakata kaunta yako kikavu kwa grenda ndani ya nyumba, wingu jeupe limejaa sebuleni, msimamishe. Afya yake iko hatarini, na ya kwako.

Dawa ya kuziba inafanya nini hasa

Mawe mengi ya asili yana vitundu vidogo. Dawa ya kuziba huingia humo na kuzuia maji na mafuta yasizame haraka. Inakupa muda wa kufuta. Haifanyi zaidi ya hapo. Haizuii asidi kula marumaru, kwa sababu asidi inafanya kazi juu ya uso na dawa iko ndani. Yule mteja wa limau alikuwa na jiwe lililozibwa barabara.

Si kila jiwe linahitaji dawa. Weka matone machache ya maji sehemu mbili tatu za kaunta, subiri dakika 15, futa. Kama jiwe limeacha kivuli cheusi chini ya maji, linakunywa na ni wakati wa kulipaka. Kama halijabadilika, usipake. Dawa isiyo na mahali pa kuingia hubaki juu na kukauka kama ukungu wa mafuta, na kuiondoa ni taabu. Kuna granaiti nyeusi tulizofunga ambazo hazijawahi kuhitaji hata tone.

Doa la mafuta likishaingia, lisikutishe, linatoka. Changanya unga wa bikaboneti na maji kidogo mpaka upate uji mzito usiotiririka, kama dawa ya meno. Upake juu ya doa, uzidi mpaka wake kidogo, unene wa nusu kidole. Funika kwa plastiki laini, zungushia utepe wa gundi pembezoni, acha saa 24. Kisha ondoa plastiki na uuache ukauke wenyewe kabisa mpaka upasuke. Kazi yote iko hapo kwenye kukauka: unga unapopoteza maji unavuta mafuta kutoka kwenye vitundu na kuyabeba. Wengi hufuta ukiwa bado mbichi na kusema haikusaidia. Doa la zamani huhitaji kurudia mara mbili tatu. Kwa doa la chai au divai kwenye jiwe jeupe, badala ya maji tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Kwenye jiwe jeusi usiitumie, inaweza kulipausha. Kutu tuachie sisi. Dawa nyingi za kutu ni asidi.

Kwa usafi wa kila siku, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo ndani ya maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kisha ukaushe. Weka mbali siki, dawa zenye klorini na poda za kukwangua.

Jiwe la sabuni, na mahali pengine ndani ya nyumba

Jiwe la sabuni linasahauliwa, na mimi nalipenda. Lina talki, madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha Mohs, namba 1, hivyo kisu na hata sufuria inayoburutwa vinaweka mistari. Lakini halina vitundu vya kunywa kitu na asidi hailigusi, na ndiyo maana meza za maabara za kemia zilitengenezwa nalo kwa miaka mingi. Sanamu ya Kristo Mkombozi iliyoko Rio de Janeiro, iliyozinduliwa 1931, imevishwa vigae vidogo vya jiwe hilo hilo. Mkwaruzo unautoa mwenyewe kwa msasa laini, kisha unapaka mafuta ya madini ili rangi ilingane. Kama wewe ni mtu anayependa kitu kizeeke kwa uzuri, liangalie.

Marumaru nayo sitaki uiogope. Kwenye kaunta ya bafuni, kwenye ukuta, kwenye rafu ya sebuleni, itakaa miaka mingi bila ugomvi. Hata jikoni inawezekana, kwa sharti moja ambalo tunalisisitiza: uichukue iliyosagwa bila kung'arishwa. Uso wake ni kama ganda la yai, hauna mng'aro wa kupotea, kwa hiyo alama za kuliwa zinazama ndani ya uso mzima na hazikurukii machoni. Zitakuwepo. Baada ya mwaka mmoja kaunta yote itakuwa imezipata kwa usawa, na kuna watu wanaopenda hali hiyo kuliko jiwe jipya. Ulizia nafsi yako kabla, si baada.

Bafuni, kwenye sakafu na kuta za kuogea, angalia madini ya chuma. Baadhi ya marumaru nyeupe zina chembe zake ndani, na zikilowa kila siku chuma kinapata kutu na jiwe linageuka manjano kutokea ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Sakafu yoyote ya maji isiwe ya kung'aa; mguu wenye sabuni juu ya jiwe lililong'arishwa ni ajali. Nje, kwenye ngazi na kibaraza, granaiti iliyochomwa uso kwa moto ndiyo tunayoitumia: moto hurusha chembe za juu na kuacha uso wenye ukali unaoshika kiatu.

Watu huuliza pia kuhusu radoni, gesi yenye mionzi, kutoka kwenye granaiti. Granaiti ina chembe ndogo za urani kama miamba mingi, na kiasi cha radoni kinachotoka kwenye kaunta kwa kawaida ni kidogo sana. Chanzo kikubwa cha radoni ndani ya nyumba ni udongo ulioko chini ya msingi.

Kuchagua slabu yenyewe

Usichague kwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Kipande hicho ni kwa ajili ya majaribio. Sura ya jiwe huioni hapo. Slabu moja ina urefu wa mita 3 hivi kwa mita 1.8, na upande mmoja waweza kuwa mtulivu huku mwingine umevurugika kama mawingu ya mvua. Njoo uione imesimama, mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sababu taa za dukani zina rangi zao. Tembea pembeni yake uangalie mwanga unavyoteleza juu ya uso. Ukiona mstari, pitisha ukucha. Kama ukucha hausikii kitu, mara nyingi ni mshipa wa asili uliozaliwa na jiwe. Kama ukucha unakwama, uliza: huenda ni ufa. Angalia na mgongo wa slabu. Wavu uliogandishwa kwa resini nyuma si aibu, mawe mengi mazuri husafirishwa hivyo, ila unakwambia kwamba jiwe hilo ni dhaifu na lisikatwe tundu la sinki karibu na mshipa wake mkubwa.

Hilo la sinki ni la kuzingatia. Vijiti vyembamba vya jiwe vinavyobaki mbele na nyuma ya tundu la sinki ndipo kaunta nyingi huvunjikia, mara nyingi zikiwa bado mikononi mwa wabebaji. Tunazikata tundu hilo, kisha tunapachika fito za chuma upande wa chini kwa gundi ya epoksi kabla ya kusafirisha. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali maungio yapite katikati ya sinki.

Uzito nao usidharauliwe. Mita moja ya mraba ya granaiti yenye unene wa milimita 20 ina kilo 54 hivi. Ya milimita 30 ina kilo 81 hivi. Kabati zilizolegea au zisizo sawa zitalazimisha jiwe lipinde, na jiwe halipindi. Ndiyo maana hatuji kupima mpaka kabati ziwe zimefungwa ukutani na sinki lenyewe liko ndani ya nyumba, si picha yake. Sehemu inayoning'inia kwa ajili ya viti, kwa unene wa milimita 30 tunaishia sentimita 25 bila mhimili. Kwa milimita 20 tunaishia 15. Ukitaka zaidi tunaweka vishikizo vya chuma.

Joto? Granaiti na kwatsaiti hazitaungua kwa sufuria, lakini sufuria ya moto mkali juu ya jiwe lililopoa, hasa karibu na tundu la jiko, inaweza kufungua ufa uliokuwa umelala. Weka kitu chini.

Utakachofanya na kipande

Tutakukatia kutoka kwenye slabu ile ile unayoitaka, na nyuma tutaandika namba yake kwa chaki ya nta ili isije ikabadilishwa. Ukifika nyumbani kigawe kwa utepe, nusu moja usiiguse. Nusu ya pili iwekee limau lililokatwa, mafuta ya kupikia, chai ya rangi, bizari iliyolowa, chochote ambacho jikoni kwako hakikosekani. Kiache usiku kucha. Asubuhi kioshe kwa sabuni, kikaushe, kishike dirishani na ukiinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze juu yake. Kata kitu juu yake kwa kisu chako. Kiweke karibu na sinki siku tatu, watu wa nyumbani wakitumie bila kuambiwa.

Kisha kirudishe. Tuna rafu karibu na mlango yenye vipande vilivyorudishwa, kila kimoja na karatasi ya mwenyewe ya kusema alikifanyia nini, na wateja wapya hukaa hapo muda mrefu kuliko mbele ya slabu zinazong'aa.

Yule mteja wa limau hakutaka kubadilisha jiwe lake. Tulirudi kwake bila malipo, tukafunika kabati kwa plastiki, tukasaga kaunta yote kwa maji na padi za almasi mpaka mng'aro wote ukaondoka na duara likapotea ndani yake. Ilituchukua siku mbili. Kipande kilichotoka kwenye tundu la sinki lake tulimwomba atuachie. Ndicho cha kwanza kwenye rafu, upande wa kushoto, na alama ya limau tuliyoiweka wenyewe juu yake unaweza kuigusa kwa kidole.